Geti Lililoshuka na Swali la Msimamizi

Kabla mwenye nyumba hajajua kwamba geti lake limeshuka, sakafu imeshajua. Kwenye saruji ya mlangoni unatokea mkwaruzo mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga, na kila asubuhi unazidi kuchimbika kidogo. Baadaye komeo linaanza kugoma. Ulimi wake, ambao mwaka jana ulikuwa ukiingia tunduni wenyewe, sasa unagonga chini ya tundu, na watu wa nyumba wanajizoeza mbinu mpya: shika geti kwa mkono wa kushoto, linyanyue, lisukume kwa nyonga, ndipo ufunge. Watoto wanaijua bila kufundishwa. Mgeni anajifunza mbinu hiyo kwa aibu, akivutana na geti huku wenyeji wakimpigia kelele kutoka barazani: "Linyanyue! Linyanyue kwanza!"

Mageti ya namna hii yako kila mtaa wa pwani. Hili moja na liwe la Tanga, maeneo ya Ngamiani, kwenye nyumba yenye ukuta mfupi wa matofali. Upana wake mita 1.2, kimo mita 1.5, mbao za paini zilizopakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine ya kijani. Fundi seremala aliyeitwa amekuja na mfuko wa sandarusi wenye nyundo, bisibisi, futi na pimamaji. Halinyanyui geti kama wanavyofanya wenyeji. Analifungua nusu, analiachia, anatazama linavyojiendea lenyewe.

"Aliyelitengeneza alilitengeneza vibaya," anasema mama mwenye nyumba.

"Hapana, mama. Alilitengeneza vizuri tu. Limefanya kazi."

"Sasa kama alilitengeneza vizuri, mbona linataka kutengenezwa tena?"

Fundi anacheka, anainama kutazama bawaba. Swali la mama linabaki hewani, na lina umri mkubwa kuliko Ngamiani yote. Kitu kilichotengenezwa vizuri, je, kinapaswa kuhitaji matengenezo? Likiulizwa juu ya geti ni la useremala. Likiulizwa juu ya dunia ni la theolojia, na limewagombanisha watu wenye akili nyingi sana.

Kiswahili kimelichukulia swali hilo kwa utulivu wa ajabu. Kiwanda kinatengeneza magari. Gereji nayo inatengeneza magari. Cherehani hutengenezwa na aliyeiunda, kisha hutengenezwa na yule wa kona ya soko anayeitia mafuta na kubadilisha mkanda. Hakuna anayechanganyikiwa, na wote wawili wanaitwa mafundi. Siri iko kwenye mzizi: kutengenea ni kukaa sawa, kuwa katika hali inayofaa, na kutengeneza ni kukifanya kitu kikae sawa. Kama mwanzo hakikuwapo au kilikuwapo kikaharibika, neno halijali. Serikali ikitaka fahari husema "ukarabati", lakini mtaani geti hutengenezwa tu. Kwa Mungu peke yake lugha imetenga kitenzi kingine. Yeye huumba. Hakuna seremala, hata awe na majivuno kiasi gani, aliyewahi kutangaza kwamba ameumba geti.

Ulaya ya karne ya 18 haikuwa na utulivu huo. Mwaka 1706, katika toleo la Kilatini la kitabu chake juu ya nuru, Opticks, Isaac Newton alidokeza jambo lililowashtua wengi. Sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe, na nyota zenye mkia hupita kati yake zikizivuta pia. Kutokana na mivutano hiyo huzaliwa hitilafu ndogondogo katika njia zake, na hitilafu hizo, alisema, zitazidi kukua hadi mfumo wote utakapohitaji kurekebishwa. Kwa maneno ya Ngamiani: mbingu zinashuka polepole, na kuna siku Fundi atarudi.

Gottfried Wilhelm Leibniz hakuvumilia. Novemba 1715 alimwandikia Caroline, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, akiwakejeli Newton na wenzake. Mungu wao, alilalamika, ni kama fundi wa saa ambaye lazima aitie saa yake ufunguo mara kwa mara, aisafishe, hata aitengeneze. Na fundi anayerudi mara nyingi kwenye kazi yake ni fundi dhaifu. Aliyejibu kwa upande wa Newton alikuwa Samuel Clarke, mchungaji wa London, yule yule aliyekuwa ameifasiri Opticks kwa Kilatini. Clarke aligeuza kibao. Mfalme ambaye ufalme wake unajiendesha wenyewe bila kumhitaji, alisema, ni mfalme kwa jina tu. Barua zilikwenda na kurudi, tano kwa tano, zikakoma Leibniz alipofariki Novemba 1716.

Wanahistoria wa sayansi hupenda kumalizia kisa hiki kwa Pierre-Simon Laplace. Katika miaka ya 1780 Mfaransa huyo alionyesha kwamba hitilafu mashuhuri kuliko zote, ile ya Mshtarii kuonekana ikizidisha mwendo huku Zohali ikipunguza, haielekei kwenye uharibifu. Ni bembea ndefu ya takriban miaka 900: hitilafu inakwenda, kisha inarudi. Juu ya nukta hiyo Newton alihofu kupita kiasi. Lakini swali la mama halikujibiwa na Laplace. Hesabu inaweza kusema kama saa inahitaji fundi. Haiwezi kusema kama kumhitaji fundi ni aibu.

Hapo inafaa kulirudia geti, maana halina ugumu wa sayari, na kila kilichomo kinaonekana kwa macho.

Geti ni kitu kinachoning'inia upande mmoja. Meza ina miguu minne, ukuta una msingi chini yake wote, lakini geti limeshikwa ubavuni na bawaba mbili, na sehemu yake yote iliyobaki iko hewani. Kama lina kilo 30, uzito huo unafanya kazi kana kwamba umekusanyika katikati, sentimita 60 kutoka kwenye nguzo. Bawaba zikiwa zimeachana mita moja, ile ya juu inavutwa itoke kwenye nguzo kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 18, na ile ya chini inasukumwa iingie kwa nguvu hiyo hiyo. Hivyo mchana na usiku, geti likiwa limefungwa na watu wamelala. Ndiyo maana skrubu za juu hulegea kwanza. Anayetaka geti la kupitisha gari na kuongeza upana mara mbili hupata uzito mara mbili pia, uliosimama mbali mara mbili. Mvuto kwenye bawaba ya juu unakuwa mara nne, kilo 72.

Jambo la pili ni umbo. Mbao nne zilizounganishwa kona kwa kona hazina msimamo wowote. Zisukume na mraba unakuwa kitu kilicholala upande, bila ubao hata mmoja kuvunjika. Pembetatu haifanyi hivyo. Kwa hiyo seremala huongeza ubao wa hanamu: mguu wake kwenye kona ya chini, upande wa bawaba, na kichwa kwenye kona ya juu, upande wa komeo, ili uzito wa upande ulio hewani ushuke kupitia ubao huo hadi kwenye nguzo. Wengi huuweka kinyume, nao unageuka pambo. Akitumia waya badala ya ubao, hapo ndipo hugeuza, kwa sababu ubao hustahimili kusukumwa na waya hustahimili kuvutwa.

Geti la Ngamiani lina ubao wake wa hanamu, nao umewekwa sawasawa. Fundi anakwangua rangi kwenye kona ya chini kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi inazama kama kwenye mkate. Maji ya mvua huteremka juu ya ubao huo huo ulioinama na kutuama penye mguu wake. Yaani njia iliyowekwa ya kupitishia uzito ndiyo iliyopitisha maji. Anapima kona kwa kona: sentimita 194 upande mmoja, 190 upande wa pili. Zingekuwa sawa, geti lingekuwa na pembe zake. Anaiinua pimamaji kwenye nguzo. Nguzo imeinama kidogo, si kwa kutisha. Chumvi ya bahari imekula skrubu mbili.

Hakuna katika hayo kosa la aliyelitengeneza. Lingewezekana geti lisiloshuka kamwe? Lingewezekana: lipigiliwe misumari kwenye nguzo zote mbili, au uwanja ufungwe kwa matofali. Lingebaki limesimama miaka mingi, na halingekuwa geti. Kile kinacholifanya lifunguke, yaani kuachiwa upande mmoja, ndicho kinacholivuta chini. Leibniz alidhani kwamba kazi kamilifu ni ile isiyohitaji kurekebishwa. Mfano wake ulikuwa saa, iliyofungiwa ndani ya kasha. Angechagua mlango wa kasha hilo, huenda hoja ingekwenda njia nyingine.

Muda mrefu kabla ya ugomvi wa saa, wanatheolojia walikuwa wameshauliza kama kuumba na kudumisha ni kazi mbili au moja. Thomas Aquinas, katika kitabu chake kikuu alichokiandika kati ya 1265 na 1274, alitenganisha aina mbili za utegemezi. Nyumba humhitaji mjenzi ili iwe. Ikishakuwa, mjenzi anaweza kwenda zake na hata kufa. Lakini mwanga uliomo hewani hauko hivyo. Jua likiondoka, hewa haibaki na akiba ya mwanga wa jana. Uhusiano wa viumbe na Mungu, alisema Thomas, unafanana na huo wa mwanga. Karne nne baadaye, mwaka 1641, René Descartes alisema karibu hayo hayo: nguvu inayohitajika kukidumisha kitu kila nukta ni ile ile ambayo ingehitajika kukiumba upya.

Wanatheolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ash'ari walikuwa wamekwenda mbali zaidi. Kwao sifa za vitu, rangi, joto, mwendo, hazidumu nyakati mbili mfululizo. Mungu huziumba upya kila mara. Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1095 kuwapinga wanafalsafa, alitumia mfano wa pamba na moto. Pamba ikigusana na moto huungua, lakini tunachokiona ni mambo mawili yakifuatana. Kwamba moto ndio unaounguza, hakuna aliyeliona hilo. Kwa mtazamo huo geti la Ngamiani halijawahi kusimama lenyewe, hata siku ya kwanza lilipokuwa linanukia rangi. Limesimamishwa kila nukta.

Neno hilo la kusimama si bahati nasibu. Miongoni mwa majina ya Mungu katika Kurani limo al-Qayyum, kutoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama, na Waislamu wengi wa pwani wanalijua tangu chuoni kwa sababu limo katika Ayatul Kursiy. Wafasiri wa Kiswahili wamelitoa kwa neno Msimamizi au kwa kitenzi kusimamia, na kwa kufanya hivyo wameangukia hazina. Simama, simamisha, simamia: mzizi mmoja unabeba kuwa wima, kufanya kitu kiwe wima, na kukiangalia kisianguke. Aya hiyo inaendelea kusema kwamba kuzilinda mbingu na ardhi hakumchoshi. Yaani kazi ya kudumisha imetajwa hapo kama utukufu wake. Leibniz aliiona kazi ya kurekebisha kama dalili ya udhaifu.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu al-Ghazali kwa ukali. Anayekana sababu, alisema, anakana akili yenyewe, kwa kuwa kujua ni kujua sababu. Seremala yuko upande wa Ibn Rushd tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana: anakwangua, anapima, anatafuta kilichoharibu. Akishafunga mfuko wake na kuulizwa litadumu muda gani, husema "inshallah miaka kadhaa", na hapo amehamia kwa al-Ghazali bila kuona kwamba amevuka mpaka wowote.

Kuna jamii zilizoamua kwamba matengenezo yasingoje uharibifu, na zikayafanya kuwa ibada. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa mwaka 1907 mahali palipokuwa na misikiti ya zamani zaidi, ni wa udongo, na mvua huubomoa kidogo kila mwaka. Kila mwaka mji mzima huupaka udongo mpya: vijana hupanda kutani, wanawake huleta maji, mafundi waashi huongoza, na ngoma hulia. Vijiti vya mvumo vilivyochomoza kwenye kuta, ambavyo mtalii huviona kama pambo, ndiyo ngazi ya kudumu ya mafundi hao. Aliyeuchora msikiti alijua kwamba watarudi, akawawekea pa kukanyaga.

Japani, kwenye hekalu la Ise, wamechagua njia tofauti. Hawangoji mbao zichakae. Kila baada ya miaka 20 majengo makuu hujengwa upya kwa mbao mpya kwenye kiwanja cha jirani, kisha ya zamani huvunjwa. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013. Hata hivyo mbao za zamani hazitupwi. Nguzo kubwa zilizobeba mgongo wa paa hupunguzwa na kuchongwa upya, zikawa malango ya kuingilia penye daraja la Uji, ambako husimama miaka 20 mingine. Mti uliokuwa nyumba ya mungu unastaafu kwa kuwa lango la wapita njia.

Nao waumini wa Ramadhani na Kwaresima, wangetazama vizuri, wangeuona udongo wa Djenné mikononi mwao. Mifungo hiyo inarudi kila mwaka. Hakuna anayefunga mwezi mmoja akatangaza kwamba nafsi yake imeshakaa sawa, haihitaji tena. Toba kwa asili ya neno lake la Kiarabu ni kurejea. Binadamu aliyeumbwa na hiari ameachiwa upande mmoja kama geti, aweze kufunguka kwa jirani au kumfungia, na dini hizi mbili zimepanga tarehe za kumpima kona kwa kona bila kuchukulia kwamba kuumbwa kwake kulikuwa na kasoro.

Lakini matengenezo yana mpaka wake, na mpaka huo ulionekana wazi kwenye mlango mmoja wa Timbuktu. Msikiti wa Sidi Yahia, wa karne ya 15, ulikuwa na mlango ambao kwa mapokeo ya wenyeji haukupaswa kufunguliwa mpaka mwisho wa dunia. Julai 2012 wapiganaji wa Ansar Dine waliuvunja, kwa hoja kwamba imani hiyo ni ushirikina. Dunia haikwisha. Septemba 2016, baada ya kazi ya mafundi kwa msaada wa UNESCO, mlango ulirudishwa mahali pake. Mwezi huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa uharibifu wa majengo ya ibada na ya kihistoria ya mji huo, na mlango huo ukiwa kwenye orodha.

Ni nini kilichorudishwa? Ubao ulirudishwa, na urithi, na heshima ya mji. Kisichorudi ni kule kutofunguliwa. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Petro Damiani, aliandika kwa bidii juu ya jambo la namna hii: je, Mungu mwenye uwezo wote anaweza kulifanya lililotokea lisiwe limetokea? Damiani alikataa kumwekea Mungu mpaka. Thomas Aquinas baadaye alijibu kwamba jambo lililopita halitanguki, kwa sababu kusema limetokea na halikutokea ni kujipinga. Mbele ya mlango wa Sidi Yahia, au mbele ya mtu aliyesamehewa, jibu la Thomas lina uchungu wake. Fundi hodari anaweza kukifanya kitu kisimame tena, hata kiwe imara kuliko mwanzo. Hawezi kukifanya kiwe ambacho hakijawahi kuanguka.

Nani basi anapaswa kuifanya kazi hii? Kitabu cha Nehemia kina sura nzima, ya tatu, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Ni orodha ya mafundi. Nehemia aliomba ruhusa kwa mfalme wa Uajemi, mwaka 445 kabla ya Kristo kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, akapewa barua kwa mtunza msitu wa mfalme ili apate mbao za malango. Kisha yanafuata malango ya Yerusalemu moja baada ya jingine, la Kondoo, la Samaki, la Jaa, la Chemchemi, pamoja na milango, vyuma na makomeo yake, na kila kipande jina la aliyekitengeneza. Wamo makuhani, wafua dhahabu, wauza manukato. Shalumu ametajwa pamoja na binti zake. Wakuu wa Watekoa nao wametajwa, kwa kuwa hawakukubali kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Wengi walitengeneza sehemu iliyoelekeana na nyumba zao wenyewe. Kazi ikaisha kwa siku 52.

Uamuzi huo wa kumpa kila mtu kipande cha mbele ya mlango wake una hekima ya kiutawala, bila shaka. Una pia jambo ambalo wahenga wa Kiswahili wangelitambua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema, na methali hiyo imesemwa mara nyingi hadi watu wameacha kuisikia. Isikilizwe tena. Mahali pengi kujenga ndiko kunakopigiwa vigelegele, na jiwe la msingi huwekwa na mkubwa mbele ya kamera. Katika methali kujenga ni adhabu. Humwangukia mtu aliyepuuza kazi ndogo isiyo na mgeni rasmi.

Zanzibar inaijua adhabu hiyo. Beit al-Ajaib, jumba aliloliinua Sayyid Barghash mwaka 1883, lilibaki limesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele yake iliporomoka na watu wawili walipoteza maisha. Mizinga ilikuwa imechukua chini ya saa moja. Kuchakaa kulichukua miaka, na mashahidi wake walikuwa wapita njia wa Forodhani waliolitazama kila siku, kama watu wa nyumba wanavyotazama mkwaruzo wa saruji.

Leibniz apewe haki yake. Kuna uharibifu ambao kweli ni aibu ya fundi: ubao wa hanamu uliowekwa kinyume, mbao mbichi zilizouzwa kama kavu, skrubu fupi zilizofichwa chini ya rangi. Kuna pia fundi anayeacha kasoro kusudi ili aitwe tena. Anayesema kila kitu huhitaji matengenezo anaweza kuwa anamtetea mwizi. Ndiyo maana fundi wa Ngamiani hakujibu swali la mama kabla ya kukwangua rangi. Kati ya geti lililotengenezwa vibaya na geti lililofanya kazi, tofauti haionekani kwa mbali. Yote mawili hukwaruza sakafu kwa mkwaruzo ule ule.

Saa tano na nusu geti limelazwa barazani. Mguu uliooza umekatwa na ubao mpya wa hanamu umeingizwa. Safari hii kona ya chini imetobolewa tundu dogo ili maji yapate pa kutokea. Kwenye matundu ya skrubu yaliyolegea fundi amejaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, akazivunja usawa wa nguzo, kisha akatia skrubu ndefu zaidi. Nguzo ameiacha na mwinamo wake, akaongeza kabari nyuma ya bawaba ya chini. Wanalirudisha geti wawili, mama akishika upande wa komeo, na futi inapita tena kona kwa kona: 192, na 192.

Mtoto mmoja anarudi kutoka madrasa, mkoba begani. Analifikia geti, analishika kwa mkono wa kushoto, analinyanyua kwa nguvu zote kama alivyozoea. Geti linajigonga kwenye nguzo, komeo linaingia tunduni kabla hajalisukuma, na yeye nusura aanguke.

"Usilinyanyue tena," mama anamwambia.

Mtoto anatazama sakafuni. Mkwaruzo upo pale pale kwenye saruji, na geti linapita juu yake bila kuugusa. Anauliza huo nao utatengenezwa lini.